Maswali Yenu: Je, ni mvua ya asidi inayokula mabati yetu?

SWALI: Tunaishi Tanga, jirani na kiwanda cha saruji na si mbali na bahari. Mabati tuliyoezeka miaka minne iliyopita yameanza kutoboka kwa kutu. Maji ya paa hilo tunayakinga kwenye simtanki, tunapikia na kunywa. Je, hii ndiyo mvua ya asidi?

JIBU: Kabla ya kuilaumu mvua, ipimeni. Hata mvua safi ina asidi kidogo, pH 5.6 hivi (pH ni kipimo cha asidi: 7 ni katikati, na kadiri namba inavyoshuka asidi huzidi), kwa sababu ya kaboni dayoksaidi iliyomo hewani. Huitwa mvua ya asidi pale salfa dayoksaidi ya makaa ya mawe na mafuta mazito, pamoja na oksaidi za naitrojeni za injini na matanuri, zinapoishusha chini ya hapo. Ikifika 4.6, asidi imeongezeka mara 10.

Lakini vumbi la saruji lina chokaa, na chokaa huua asidi. Karibu na kiwanda kama hicho mvua inaweza hata kuvuka 7. Sisi tunashuku zaidi chumvi ya bahari na vumbi lenyewe. Zinki inayolinda bati huliwa na asidi, na huliwa pia na chokaa kali: vumbi likilala kwenye mabonde ya bati, likalowa umande kila usiku, hushika ukoko na kuila zinki hapo hapo. Kwangueni ukoko huo wa kijivu. Kutu ikiwa chini yake, mkosaji ni vumbi. Ikiwa imeanzia kwenye misumari na kingo zilizokatwa, upande unaopigwa na upepo wa bahari, ni chumvi.

Kwa kupima, nunueni karatasi za pH zinazosoma kwa nusu nusu. Wekeni bakuli safi la plastiki juu ya stuli, uwanjani, mbali na miti na paa. Chovyeni karatasi na mngoje dakika nzima, maana maji ya mvua hayana madini mengi na rangi huchelewa kutulia. Kisha pimeni maji ya simtanki. Ya uwanjani yakisoma chini ya 5, hapo kweli kuna moshi wa kuulizia.

Kuhusu kunywa, kuchemsha huua vijidudu tu. Zinki, madini ya risasi ya rangi za zamani na vumbi havitoki kwa moto. Fagieni paa kabla ya masika, na kila mvua inapoanza mwageni maji ya kwanza, nusu lita kwa kila mita mraba: paa la mita mraba 60 ni lita 30. Paa likishatoboka, maji yake yawe ya kufulia. Na kama watoto wanakohoa siku za vumbi, wapelekeni kituo cha afya bila kungoja majibu ya vipimo; mapafu huumia mapema kuliko bati.

SWALI: Mwalimu alisema moshi wa mitambo ya umeme husafishwa kwa chokaa. Salfa inaenda wapi? (Mwanafunzi, Morogoro)

JIBU: Moshi hupitishwa kwenye mnara unaonyunyiziwa uji wa mawe ya chokaa yaliyosagwa. Salfa dayoksaidi hushikana na kalsiamu, hewa ikiongezwa inakuwa jasi, ileile ya dari za jipsamu. Nyingine huuziwa viwanda vya saruji.