Nilikuwa Natundika Mapazia

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: "Je, filamu inaweza kumpunguzia mtu ubaguzi?" Jibu langu ni hapana, na ningeishia hapo kama swali lenyewe lisingenikumbusha Mississippi Masala. Filamu hiyo sikuitazama nikiwa kwenye kochi. Niliitazama nikiwa juu ya stuli, pini mdomoni, natundika mapazia ya watu.

Kwa wasioijua: ni ya Mira Nair, ya mwaka 1991. Familia ya Wahindi wa Kampala inafukuzwa na Idi Amin mwaka 1972, alipowapa Wahindi siku tisini wawe wameondoka. Baba, Jay, ni wakili, kazaliwa hukohuko Uganda. Miaka inapita, wanaishia Greenwood, Mississippi, kwenye moteli ya jamaa zao. Binti yao Mina anapendana na Demetrius (ndiye Denzel Washington), kijana mweusi anayesafisha mazulia, na hapo nyumba inawaka moto. Jimbo lile hadi 1967 sheria ilikataza ndoa ya mweupe na mweusi. Lakini katika kisa hiki Mzungu hana haja ya kukataza chochote. Wanaokataza ni waliofukuzwa kwao kwa sababu ya rangi.

Sasa nirudi kwenye stuli.

Watu wa Tanga wataelewa nikisema baba yangu alikuwa fundi wa barazani. Unanunua kitambaa dukani kwa Mhindi, unatoka nje hatua mbili, fundi anakupima palepale. Duka lilikuwa mjini, sisi tulikaa Ngamiani, na katikati ilipita reli. Asubuhi baba anavuka reli na baiskeli, magharibi anavuka kurudi. Miaka kumi na tisa alikaa kwenye baraza ile akiitwa "fundi". Sidhani kama pale kuna aliyewahi kumwita kwa jina lake.

Mwaka 1995 mama mwenye nyumba alitaka mapazia mapya ya sebuleni, ghorofani juu ya duka. Mahameli ya kijani, na bitana. Jumapili moja baada ya adhuhuri tukapanda kwenda kuyatundika, mimi nikiwa kidato cha tatu. Televisheni huku Bara ilikuwa ndiyo kwanza ina mwaka mmoja, lakini deki ya video wale walikuwa nayo siku nyingi, na kijana wao alikuwa amekuja likizo kutoka Uingereza na kanda. Tukaambiwa tuendelee tu na kazi, hatusumbui.

Nikaendelea, jicho moja kwenye bomba la pazia, jingine kwenye skrini. Ilipofika pale askari wa Amin wanalisimamisha basi na kumteremsha mama, mzee wa nyumba akaanza kulia. Hakujificha. Akasema bila kugeuka, "Fundi, unaona? Siku tisini tu."

Baba ameishika stuli. "Naona, mzee. Pole sana."

Nilijua anacholilia. Ghorofa lile alilijenga baba yake. Mwaka 1971 yalipotaifishwa majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi laki moja, likaenda, na tangu hapo mzee akawa mpangaji wa Msajili wa Majumba ndani ya nyumba ya babake. Mtaniambia ile haikuwa rangi, ilikuwa siasa ya Ujamaa, na kwamba Nyerere mwenyewe alimlaani Amin waziwazi kwa ubaguzi. Kweli kabisa. Lakini wenye majumba wengi walikuwa Wahindi, na ukiwa umekaa kwenye kochi lile tofauti ilikuwa ngumu kuiona.

Halafu wakaja Mina na Demetrius. Walipofika kitandani kijana akadaka rimoti akapeleka mbele, na ghafla familia nzima ikawa inayatazama mapazia yangu. Sijawahi kusifiwa kazi namna ile.

Ndipo ikaja chai. Kikombe cha baba tulikijua wote: cha bati, cheupe, ukingo wa buluu, kimebanduka rangi penye mkono. Kilikaa peke yake kwenye dirisha la jikoni, wala hakikuoshwa pamoja na vyombo vingine. Siku ile binti yao, rika langu, akatoka na sinia la vikombe vya kioo, vyote sawa, na viwili vikiwa vyetu. Labda alighafilika. Labda filamu ilimwingia. Mama yake akatamka neno moja la Kigujarati, polepole, na binti akasimama na sinia mikononi, asijue aende mbele au arudi.

Baba akasema, "Mwanangu, niletee kile changu. Hivi vya kioo nitawavunjieni."

Kikaletwa kile cha bati. Sebule nzima ikashusha pumzi. Mimi changu cha kioo nilikuwa nimeshakidaka, nikainywa chai ya moto mbio mbio hadi ikaniunguza ulimi, wasije wakakitaka.

Njiani, kwenye reli, nikamuuliza baba kwa nini. Akaniambia, "Mapazia ya chumbani hawajanilipa."

Basi kisa hiki nimekitumia miaka na miaka kama ushahidi. Filamu ya kubaguana inachezwa mbele ya macho yao, mzee analia machozi ya kweli, na bado bati ni bati. Ndiyo maana nilianza na "hapana", na nilitaka nimalizie hapa.

Lakini kuandika kuna ubaya wake. Nimekumbuka mwaka 1999 dada yangu alipochumbiwa na mwalimu, Mwislamu mwenzetu, mtu wa adabu. Ila babu yake aliletwa kutoka kusini kukata mkonge, na yeye kazaliwa kambini. Shangazi akauliza mbele ya watu, "Mtoto wa manamba?" Baba, baba yuleyule wa kikombe, akasema kwao hatukujui, akaizungusha posa ile karibu miaka miwili. Siku wazee wao walipokuja, mama alinipa jagi na vikombe vya plastiki. Vya kabatini vikabaki kabatini. Nikavipeleka mimi, kwa mikono yangu, wala sikukumbuka dirisha la jikoni la mjini. Tena tusisahau kwamba methali tuliyofundishwa darasani, tukaimalizia kwa sauti moja, ni Baniani mbaya kiatu chake dawa.

Mwaka jana niliitazama tena, mara hii nimekaa, na binti yangu pembeni. Kuna pale Demetrius anamwonyesha Jay shavu lake na kumwambia kwamba rangi zao hazijapishana kiasi hicho. Mwaka 1995 nilimshangilia kimoyomoyo. Safari hii nilimtazama Jay, namna anavyokosa la kusema, na shingo ikaniwasha.

Kwa hiyo niandikeni kwenye "ndiyo", lakini kwa masharti. Isitazamwe na upande mmoja peke yake, maana chumba cha wanaofanana kitamlaani mbaguzi wa kwenye skrini na kuondoka kisafi. Wawepo na wale wanaosemwa, na iletwe chai. Hata hivyo msitegemee mengi: mimi imenichukua karibu miaka thelathini, na binti yule mwenye sinia sikuwahi kumuuliza kama alighafilika ama alikusudia. Walihamia Kanada.

Fedha ya mapazia ya chumbani baba alilipwa, mwezi wa pili yake.