Kitabu cha jinai cha Uingereza, na maswali mengine

Shikamoo mwalimu. Nimepata kitabu kinene cha jinai cha Uingereza kwa muuza vitabu vya mtumba. Kitanivusha? (Mwaka wa kwanza, Ng'ong'ona)

Marahaba. Kisome, ila sura ya wizi iruke. Waingereza wana Sheria ya Wizi ya 1968. Sisi tuna Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inayouliza kama mtu alichukua kwa hila, bila kuamini ana haki na kitu hicho. Ukinijibu kwa lugha ya 1968 nasahihisha huku nasikitika. Na Kanuni yetu haikutoka London moja kwa moja: ukoo wake ni Queensland, Australia, 1899, ikapitia Nigeria, ikafika Tanganyika 1930. Ukikutana na hukumu ya Queensland usiipite.

Mhadhiri mpya hatoi notisi. Anatugawia hukumu, kisha anatuhoji darasani mmoja mmoja. Huo si uvivu? (Mwaka wa pili, Makulu)

Uvivu ni kusoma slaidi kwa sauti. Njia hiyo aliianzisha mwalimu wa sheria Langdell kule Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, tangu 1870, na inamchosha mwalimu kuliko nyie. Sisi tulifundishwa kwa imla; viambato vya kosa la kuua nilivikariri kama shairi, lakini hukumu nzima sikuwahi kuisoma hadi namaliza chuo.

Anza na kesi ya Mbushuu, imezaliwa hapa hapa Dodoma. Mwaka 1994 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu aliamua adhabu ya kifo inavunja Katiba. Mwaka 1995 Mahakama ya Rufani ikakubaliana naye kwamba ni ya kikatili na inadhalilisha, halafu ikasema ibara ya 30 ya Katiba, inayoruhusu haki kuwekewa mipaka kwa maslahi ya umma, inaiokoa. Desa, yaani muhtasari wa kukariri, litakupa mstari mmoja tu: "adhabu ya kifo ni halali." Hapo umekosa utamu wote.

Hizo hukumu ni bei gani? (Manyoni)

Bure. Fungua TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania, kwenye simu.

Tangu 2021 lugha ya sheria na mahakama ni Kiswahili. Mbona vitabu bado Kiingereza? (Singida)

Bunge hupitisha sheria kwa kura. Kitabu kinataka mtu akae miaka akipigana na maneno. Chukua "nia ovu" kwenye kosa la kuua. Mtaani ni chuki. Kisheria, aliyekusudia kumjeruhi vibaya tu, bila chuki yoyote, anayo. Mwaka jana neno hilo lilinilia kipindi kizima, na kijana mmoja wa Mpwapwa akasema Kigogo kina neno zuri zaidi. Bado namdai aniandikie.