Denpasar hadi Yogyakarta: piga hesabu ya saa kabla ya kukata tiketi

Tangu nikae Bali, kisiwa cha Indonesia, kila anayepanga kwenda Yogyakarta, mji wa kisiwa jirani cha Java, huniuliza swali lilelile: kutoka Denpasar, mji mkuu wa Bali, hadi Yogyakarta ni mbali? Ukipima moja kwa moja ni kama kilomita 570, pungufu kidogo ya Dar hadi Nairobi, na ndege hukaa angani saa moja na nusu hivi au chini yake. Jibu ni sahihi, lakini usilitumie kupangia siku yako.

Anza na tiketi. Utakuta ndege inaondoka 10:05 na kufika 10:30, udhani wamekosea kuandika. Hawajakosea. Indonesia ina kanda tatu za saa, na Bali iko mbele ya Java kwa saa moja. Tiketi huandika saa za kuondoka kwa saa za Bali na za kufika kwa saa za Java. Ndiyo maana kwenda kunasomeka dakika 25, na kurudi kunasomeka kama saa mbili na nusu. Kuna jamaa alinibishia kabisa kwamba ndege za kurudi ni za kizamani, zinajikokota! Simu hujirekebisha yenyewe. Saa ya mkononi ikumbuke mwenyewe. Na ukipiga nyumbani, Bali iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa tano, Yogyakarta kwa saa nne.

Viwanja navyo vina mambo yake. Ngurah Rai, uwanja wa Bali, hauko Denpasar mjini, uko kusini, kule Tuban. Ukilala Ubud, tenga saa moja na nusu ya barabarani, na jioni ongeza, maana foleni za kusini mwa Bali hazina huruma. Upande wa Yogyakarta angalia herufi za uwanja kwenye tiketi: YIA ni uwanja mpya wa Kulon Progo, zaidi ya kilomita 40 magharibi mwa mji, JOG ni Adisutjipto, ule wa zamani ulio jirani na mji. Ndege nyingi siku hizi hutua YIA. Mimi hupanda treni ya uwanjani, dakika 40 hivi hadi stesheni ya Tugu, na ukitoka nje, Malioboro, mtaa maarufu wa mji, ni hatua chache tu. Teksi nawaachia wenye mizigo mingi au wanaokwenda kwenye hekalu la Borobudur moja kwa moja.

Kwa hiyo, mlango hadi mlango, hesabu saa tano au sita.

Nchi kavu inawezekana: basi hadi Gilimanuk magharibi mwa Bali, kivuko hadi Ketapang upande wa Java, kisha treni ya Sri Tanjung hadi Lempuyangan, stesheni ya Yogyakarta, ambayo peke yake hula kama saa 13. Na watoto wadogo? Hapana.

Kalenda pia itazame. Siku ya Nyepi, siku ya ukimya ya Wahindu wa Bali, ambayo kwa kawaida huangukia Machi, uwanja wa Bali hufungwa saa 24. Halafu kuna majivu ya volkano: Novemba 2017 mlima Agung uliufunga uwanja huo, na Novemba 2024 mlima Lewotobi Laki-laki, ulio mbali kule kisiwa cha Flores, ulisababisha safari nyingi za Bali kufutwa. Kama ndege yako ya kurudi nyumbani inaondokea Denpasar, rudi Bali tangu jana yake. Ukiunganisha siku hiyohiyo kwa tiketi mbili tofauti na ya kwanza ikachelewa, shirika la pili halikujui.