Goti limepona, pumzi imekata
Pole sana ndugu yangu. Miezi mitatu bila baiskeli kwa sababu ya goti, na sasa Mtwara mjini hadi Mikindani tu unahema? Usikate tamaa. Pumzi huanza kupungua ndani ya wiki 2 hivi za kukaa, ila hurudi mapema kuliko uimara wa goti. Hapo ndipo wengi huumia tena: kifua kinataka twende, goti bado. Toka alfajiri kabla ya jua kali, gia nyepesi, miguu izunguke haraka bila kukandamiza. Mlima ukikushinda, shuka usukume. Siti usiishushe mno; pedeli ikifika chini kabisa, goti libaki limekunjika kidogo. Kesho yake pumzika. Likivimba, likikwama au likiuma usiku, acha kuendesha, nenda hospitali ukaonane na mtaalamu wa fiziotherapia.