Kurudisha wanyama waliotoweka kwa kuhariri vinasaba: ni kushindana na Muumba?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Kampuni ya Marekani inasema imemrudisha duniani mbwa mwitu wa kale (dire wolf), aliyetoweka zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Je, huku si kudai kufufua? Na mwanangu anayesomea fani hii aendelee?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah. Hukumu ya kitu hufuata kukielewa kilivyo. Wataalamu hao walisoma DNA (maandishi ya urithi yaliyo ndani ya seli) iliyobaki kwenye jino la miaka ipatayo 13,000 na fuvu la miaka ipatayo 72,000. Kisha wakachukua seli hai za mbwa mwitu wa kijivu wa leo, wakabadilisha sehemu 20 katika jeni (vinasaba) 14. Kiini cha seli hiyo kikatiwa ndani ya yai la mbwa wa kufugwa lililotolewa kiini chake, na mimba ikabebwa na mbwa jike. Watoto wawili wa kwanza walizaliwa Oktoba 2024.

Basi hakuna aliyefufuliwa. DNA ya mnyama huyo ina herufi zaidi ya bilioni mbili, zikaguswa chache mno. Aliyezaliwa ni mbwa mwitu wa kijivu aliyepewa baadhi ya sifa za yule wa kale. Seli, yai na tumbo la uzazi vyote vimetoka kwa viumbe wa Allah, na changamoto ya Suratul Hajj aya ya 73, ya kuumba japo nzi, iko palepale.

Wanaotumia aya ya 119 ya Suratun Nisaa, inayotaja kubadilisha maumbile ya Allah, kuharamisha kila badiliko wameipanua kupita kiasi. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika azimio la 1997, lilikataza kunakili binadamu (kuzalisha pacha wa mtu kutokana na seli yake), likaruhusu mbinu hizo kwa mimea na wanyama kwa mipaka ya sharia: kuleta manufaa na kuzuia madhara.

Mipaka hiyo ndiyo yenye uzito hapa. Huko Uhispania mwaka 2003 alizaliwa nakala ya mbuzi mwitu wa milima ya Pirenei aliyekwisha kutoweka. Alikufa baada ya dakika chache kwa kasoro ya mapafu, na mimba nyingine ziliharibika. Na kumbebesha tembo mimba ya majaribio, ili kumrudisha tembo wa kale (mamothi), ni kumtwisha miezi 22. Mwanamke aliyemfungia paka hadi akafa aliingia motoni, kama ilivyo katika Bukhari na Muslim. Mateso kwa ajili ya kutafuta umaarufu hayana udhuru.

Nionavyo, mwanao aendelee, ila aelekee kwa walio hai. Najin na Fatu, faru weupe wa kaskazini wawili wa mwisho, wapo hifadhi ya Ol Pejeta nchini Kenya. Viinitete (mimba changa) vilivyotungwa maabara kwa mayai ya Fatu hukusudiwa kubebwa na faru weupe wa kusini. Hiyo ni kutunza amana kabla haijapotea.

Akifanya kazi na hao mbwa mwitu, ajue kwamba kwetu Mashafii mbwa na kilichozaliwa naye ni najisi. Mbwa mwitu wa kawaida si najisi akiwa hai, lakini huyu ametungwa katika yai la mbwa na kuzaliwa na mbwa. Kwa tahadhari, akiguswa na mate yake aoshe mara saba, moja kwa udongo. Wallahu aalam.