Baiokemia haikaririki, nisikilizeni mimi niliyetoa A

Kuna mdogo wangu wa mwaka wa pili kanitumia meseji saa saba usiku, "kaka nina sapu (mtihani wa marudio) ya baiokemia, nikifeli tena nadisko (nafukuzwa chuo), nitumie madesa (notsi) yako." Nilicheka halafu roho ikaniuma. Naandika hapa ili na nyie wengine mnaojaa inboksi msome hapahapa.

Mimi nilitoka PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) na division one yangu safi, naingia chuo kifua mbele. Tesi ya kwanza ya metaboli lekchara akasimama akasoma maksi mbele ya darasa zima, alipofika za chini akatua, "wengine mmepotea njia, mngeenda zenu ualimu." Namba yangu ilikuwemo. Na mama yangu ni mwalimu wa shule ya msingi, ndiye aliyenisomesha, ile kauli mpaka leo inanichoma. Simtaji ila kama anasoma anajijua.

Nilikuwa nasomaje? Kama nyie tu. Msuli kwenye vimbweta mpaka alfajiri, glaikolisisi hatua 10 naziimba na vimeng'enya vyake vyote, glukosi mpaka pairuveti, halafu pepa inauliza seli ikikosa oksijeni ile NADH (molekuli inayobeba elektroni) inaenda wapi, nabaki naangalia dari.

Kilichoniokoa ni muhogo. Msicheke. Likizo nipo kwa bibi, anamenya muhogo mchungu anauloweka, namuuliza kwani tusipike leoleo, akaniambia "unataka kutuua?" Nikaingia mtandaoni kusoma. Kumbe ndani ya seli za muhogo kuna kemikali ya linamarini imefungiwa kwenye vakuoli (kifuko ndani ya seli), na kimeng'enya cha kuivunja, linamarasi, kipo kwenye ukuta wa seli, havikutani. Ukiukwangua au ukiuloweka seli zinapasuka, vinakutana, sayanidi inatoka, ndo maana unalowekwa siku kadhaa na kuanikwa ili iishe. Ukiila, inaenda mitokondria, pale seli inapotengenezea nishati, kukaba kompleksi ya 4, kituo cha mwisho cha mnyororo wa kupitisha elektroni, palepale elektroni zinapokabidhiwa oksijeni, yaani oksijeni ipo tele kwenye damu ila seli haiwezi kuitumia! Mwili unajitetea kwa kuibandika salfa iwe thayosayaneti itoke na mkojo, na hiyo salfa inatoka kwenye amino asidi kama methionini na sisteini, sasa anayekula muhogo mtupu bila hata dagaa ndo anaumia zaidi. Mwaka 1985 kule Tarime, kipindi cha ukame, watu walikula muhogo usioandaliwa vizuri na baadhi wakapooza miguu, ugonjwa unaitwa konzo.

Muundo wa seli, vimeng'enya, upumuaji, amino asidi, nusu ya silabasi ipo kwenye beseni la bibi!

Toka hapo kila topiki najiuliza hiki kikiharibika anaumwa nani. Mnyororo wa beta wa hemoglobini, nafasi ya 6, amino asidi ya glutamati ikiwa valini unapata selimundu. Kimeng'enya cha G6PD kikipungua, primakwini ya malaria inaweza kupasua chembe nyekundu za mtu. Sijawahi kusahau tena.

Hata praktiko ni hivyohivyo. Tulikuwa tunatenganisha DNA kwenye jeli kwa umeme, kundi la jirani waliunganisha waya za jeli kinyume, wakakaa wanapiga stori, rangi ya bluu inarudi nyuma mpaka ikamwagikia kwenye bafa, DNA yote kwaheri. DNA ina chaji hasi sababu ya fosfeti, inakimbilia chanya, ukishaelewa hilo huna haja ya kukariri waya upi uende wapi.

UE (mtihani wa mwisho wa muhula) nikatoa A. A jamani! Mama aliiweka status wiki nzima, na ualimu wake huohuo.

Sasa wadogo zangu, acheni kuabudu madesa. Desa la mtu ni kichwa cha mtu, utakariri na makosa yake. Eleweni. Narudia, eleweni, mnalipiwa ada, wengine mna bumu (hela ya mkopo), mnakesha mnakariri majina kama kasuku halafu mnalia lekchara anabana.

Chukua karatasi tupu, chora utando wa ndani wa mitokondria bila kuchungulia popote, panga kompleksi zote nne, halafu weka sumu ya rotenoni kwenye ya 1, sayanidi kwenye ya 4, fuatilia elektroni zinakwama wapi na protoni nani anazisukuma. Ukikwama ndo ufungue kitabu. Na kompleksi ya 2 muiangalie vizuri, haisukumi protoni, malekchara wanaipenda sana kwenye pepa.