Kwa nini mpira mweupe unafuata wenzake shimoni

Swali: Kocha shikamoo. Mimi kwenye pool sio mgeni, kuingiza mipira naingiza, shida yangu ni ule mweupe. Yaani nafunga mpira safi kabisa, kabla sijanyoosha mgongo nyeupe nayo inajiendea zake polepole mpaka shimoni, faulo, mwenzangu anapewa mpira mkononi (anaiweka nyeupe popote anapotaka) anamaliza gemu. Inauma zaidi nikiwa nimebakiza 8 nyeusi tu. Wenzangu wanasema nina mkosi. Nimejaribu kupiga taratibu ili isifike lakini ndo kwanza imezidi. Tatizo ni fimbo, ni meza au ni mimi? Halafu kwenye kuvunja, ule mpigo wa kwanza wa gemu, nako inaniingia sana shimo la kati.

Jibu: Marahaba. Fimbo iache kwanza, haina kosa. Mkosi nao tuuweke pembeni maana mpira mweupe hauna akili ya kuchagua shimo, unaenda pale ambapo uliupeleka, na habari njema ni kwamba njia yake baada ya kugonga inajulikana kabla hata hujapiga. Wachezaji wengi wa kiwango chako wanaangalia vitu viwili, mpira wa rangi na shimo lake, basi. Cha tatu, yaani nyeupe itaelekea wapi, wanakiangalia baada ya kupiga, na hapo kinachobaki ni kuinama upande upande kama vile mwili wako unaweza kuusukuma mpira ukiwa mbali.

Nianze na hilo la kupiga taratibu kwa sababu ndo linakuponza, na nimeona wengi sana wakilifanya.

Ukipiga nyeupe katikati kwa nguvu na mpira wa rangi uko karibu, nyeupe inafika kule ikiwa inateleza tu juu ya kitambaa, haijaanza kubingirika. Ikigonga mpira mwingine uso kwa uso ikiwa kwenye hali hiyo inatoa spidi yake karibu yote na inasimama palepale. Lakini ukipiga taratibu, au mpira uko mbali, kitambaa kinaishika nyeupe njiani inaanza kubingirika, na ikifika pale tayari ina mzunguko wa kwenda mbele. Inagonga, inasita kidogo unaona kama imesimama, halafu ule mzunguko unashika kitambaa na kuisukuma tena mbele. Ndo kile "inajiendea zake polepole" ulichoandika wewe mwenyewe! Kwa mpigo ulionyooka nyeupe inayobingirika inabaki na kama 2/7 ya spidi iliyokuja nayo, na mpira wa rangi nao ukishaanza kubingirika unakuwa na kama 5/7. Ukipiga hesabu ya umbali, nyeupe inafuata kwa takriban moja ya sita ya umbali ambao mpira wa rangi ungeenda kama hakuna shimo. Kwa hiyo mpira wa rangi wenye nguvu ya kwenda mita 1 na nusu, nyeupe nyuma yake inasogea kama robo mita. Sasa fikiria 8 yako iko mdomoni mwa shimo, sentimita kumi tu, robo mita inatosha na inabaki. Ndo maana mipira ile inayoning'inia shimoni, ile ambayo kila mtu anasema hii hata mtoto anaingiza, ndiyo inayokula watu.

Dawa yake kwa mpigo ulionyooka ni kupiga chini ya katikati. Mpira wa rangi ukiwa karibu, chini kidogo sana inatosha, nyeupe inafika ikiwa inateleza na kusimama. Ukiwa mbali inabidi ushuke zaidi au uongeze nguvu, kwa sababu ule mzunguko wa kurudi nyuma unaliwa na kitambaa njiani, na unachotaka wewe ni uishe pale pale mipira inapogusana, sio nusu ya safari. Hapo ndo watu wanakosea, wanapiga katikati ya mpira kwenye mpigo mrefu wakiamini watapata ule wa kusimama, kumbe mpaka ufike umeshaanza kubingirika zamani. Paka chaki kila mpigo unaopiga chini, na fimbo iwe karibu usawa wa meza, usiinue mkono wa nyuma. Na usishtuke dakika ya mwisho ukaivuta fimbo kabla haijapita mpira, mpigo wa kushtuka unakuwa katikati ya mpira hata kama ulilenga chini.

Sasa tuje kwenye mipigo yenye engo, maana sio kila siku utapata mstari ulionyooka.

Kuna mistari miwili tu ya kukariri. Wa kwanza, nyeupe ikigonga huku inateleza, bila mzunguko wa mbele wala wa nyuma, njia yake na njia ya mpira wa rangi zinaachana kwa digrii 90 au pungufu kidogo sana. Haijalishi umekata (yaani umegonga mpira wa rangi kwa pembeni) nyembamba au nene. Kwa hiyo chora akilini mstari wa mpira wa rangi kwenda shimoni, halafu chora mwingine unaoukata mraba pale nyeupe itakapokuwa wakati wa kugusa, huo mwingine ndo njia ya nyeupe. Ukiona mwisho wake kuna shimo, umeshajua, na hapo bado hujapiga.

Mstari wa pili ni wa nyeupe inayobingirika. Huu unapimwa kutoka kwenye ule uelekeo iliokuja nao nyeupe: inapinda kwa kama digrii 30. Kitu cha ajabu ni kwamba hizo 30 zinakaa karibu vilevile ukigonga kuanzia robo ya mpira mpaka robo tatu (ukitazama kutoka kwenye fimbo, nyeupe inafunika kiasi hicho cha mpira wa rangi wakati wa kugusa), yaani engo za kukata kama digrii 15 mpaka 49 hivi, ambazo ndo engo nyingi unazokutana nazo mezani. Tanua kidole cha shahada na cha kati kama unaonyesha alama ya V, usijilazimishe, hapo kwa watu wengi ni karibu digrii 30. Kidole kimoja kielekeze kule unakolenga kupiga, kingine kinakuonyesha nyeupe itakapoelekea. Utachekwa mara ya kwanza, waache wacheke.

Kwa hiyo mpigo mmoja una njia mbili tofauti za nyeupe na mpira wa rangi unaingia shimo lilelile. Ongeza mzunguko wa kurudi nyuma unapata ya tatu, nyeupe inarudi upande wako kuliko ule mstari wa digrii 90. Hapa ndo pointi yangu yote ilipo kaka: huna haja ya kubadilisha mpigo ili kuikoa nyeupe, unabadilisha tu ni wapi kwenye nyeupe unagusa na fimbo, juu, katikati au chini. Unauliza mstari wa 90 unaishia wapi, wa 30 unaishia wapi, na unachagua usio na shimo.

Mfano ambao nina hakika umekupata. Mpira wa rangi uko mbele kidogo ya mstari unaounganisha mashimo mawili ya kati, kiasi kwamba nyeupe ikiugusa inakuwa juu ya mstari huo, na wewe unaukata uende shimo la kona ukiwa sambamba na ukingo mrefu. Ukipiga nyeupe inateleza, mstari wa 90 unaipeleka moja kwa moja kwenye mojawapo ya yale mashimo ya kati, hakuna namna nyingine, hiyo sio bahati mbaya hata kidogo. Ukipiga inabingirika inasogea mbele ya shimo na kugonga ukingo. Ila kuna kitu hapa, nyeupe haipindi papo hapo, kwanza inafuata mstari wa 90 kidogo halafu ndo inaanza kujikunja, na kadiri unavyopiga kwa nguvu inakaa kwenye mstari wa 90 kwa muda mrefu zaidi kabla ya kupinda. Maana yake kama shimo la kati liko karibu sana na pale mipira inapogusana, nguvu itakuingiza shimoni hata kama ulipiga juu. Pale unapiga juu na kwa upole. Unaona sasa, taratibu nako kuna mahali pake, ila sio dawa ya kila ugonjwa kama ulivyokuwa unaitumia.

Ukikata nyembamba sana, chini ya robo ya mpira, usijisumbue na juu wala chini, nyeupe inapita karibu kwenye njia yake ileile na spidi karibu yote inabaki nayo. Hapo kinachoamua ni nguvu na kingo itakazogonga. Fuata mstari mpaka ukingo, angalia itarudi kwa engo gani, na kama ukingo wa pili una shimo linakusubiri, punguza au ongeza nguvu. Spini ya pembeni, yaani kugusa nyeupe kushoto au kulia ya katikati, inaweza kubadilisha engo ya kutoka ukingoni lakini kwa sasa kaa nayo mbali, inaifanya nyeupe itoke kidogo nje ya mstari uliolenga na utaanza kukosa hata mipira unayoijua.

Na kama mistari yote mitatu inanuka? Kuna ujanja wa kutumia upana wa shimo, shimo ni pana kuliko mpira kwa hiyo unaweza kuingiza upande wa kushoto au wa kulia wa mdomo, na hiyo inahamisha njia ya nyeupe kidogo, ya kutosha kugonga kona ya shimo badala ya kutumbukia. Ikishindikana chagua shimo jingine au uache, ficha nyeupe mwenzako asione mpira wake. Kwenye 8 nyeusi hasa. Sheria nyingi zinasema ukiingiza 8 pamoja na nyeupe umepoteza gemu palepale. Nyeupe ikiingia bila 8 kuingia, sheria za kimataifa zinahesabu faulo ya kawaida tu mwenzako anapewa mpira mkononi, ila sehemu nyingi watu wanacheza kwamba hapo pia umeshapoteza, kubalianeni kabla ya kuanza mnapunguza kelele. (Ukichoka kabisa hamia biliadi ya Kiingereza, kule nyeupe yako ikiingia baada ya kugonga nyekundu unapewa pointi 3. Snuka usihamie, wanakukata angalau 4.)

Umeuliza na habari ya meza. Meza ina mchango kidogo, kama unacheza kwenye zile za kutumbukiza sarafu. Meza hizo lazima zitofautishe nyeupe na mipira mingine ili ikiingia shimoni irudishwe nje, na njia zake ni kuifanya nyeupe kubwa zaidi, nzito zaidi, kuitia kitu cha sumaku, au kuifanya ndogo. Mpira wa kawaida wa pool ni milimita 57.15 na gramu 156 mpaka 170, na nyeupe ikiwa sawa na wengine hesabu zangu zote hapo juu zinakubali. Ikiwa nzito kuliko wenzake inasonga mbele hata baada ya mpigo wa kusimama, na kuirudisha nyuma ni kazi. Ikiwa ndogo, kama zile meza za Kiingereza ambapo mipira ni milimita 51 na nyeupe 48, inakuwa kinyume, inarudi kirahisi na kufuata inafuata kidogo. Kwa hiyo ukifika meza usiyoijua omba mpigo mmoja wa majaribio, mpira umbali wa hatua moja, ulionyooka, piga ule wa kusimama uone. Ikisonga mbele, piga chini zaidi siku hiyo nzima.

Mazoezi sitaki nikupe mengi. Weka mpira wa rangi sehemu moja, nyeupe sehemu moja, engo ya kati, sio nene sio nyembamba. Kabla ya kupiga weka chaki juu ya ukingo pale unapoamini nyeupe itagonga. Piga juu, rudisha mipira palepale, piga wa kuteleza, rudisha, piga chini. Usijali sana kama mpira wa rangi unaingia, angalia nyeupe inagonga umbali gani na chaki. Watu wengi wanaona aibu jinsi walivyokosea mwanzoni, halafu baada ya muda nyeupe inaanza kugonga palepale penye chaki.

La kuvunja. Ukivunja kwa nguvu zako zote na nyeupe ikagonga mpira wa mbele pembeni badala ya katikati, inaruka kwenda upande na shimo la kati liko hapohapo. Usiangalie nguvu, punguza kama robo ya nguvu mpaka uweze kugonga ule mpira wa mbele uso kwa uso kila mara, fimbo iguse nyeupe katikati au chini kidogo sana. Ukigonga vizuri utaiona nyeupe inarudi kidogo na kutulia katikati ya meza. Ikienda kushoto ujue umegonga upande wa kushoto wa mpira wa mbele, ikienda kulia hivyohivyo, kwa hiyo inakuambia yenyewe pa kurekebisha. Nguvu irudishe kidogo kidogo, na ikianza kuruka pembeni tena shuka ngazi moja ubaki hapo.